Mwalimu Aliyeondoka na Siagi Yetu

Shemeji yangu Marcellin ni Muhunde wa Kingi, mtu wa maharagwe na mihogo, na mpaka leo ukimwonyesha mtamba na fahali atakuambia wote ni ng'ombe wazuri. Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe, kwenye mlima unaoitazama Kingi kwa juu. Watu huniuliza imekuwaje mtu kama huyo akapata mke kwetu. Mimi huwajibu kwamba vitenzi vya Kifaransa ndivyo vilivyomleta, na kibuyu cha maziwa ndicho kilichomkamata. Wanacheka, wanadhani nafanya mzaha, nami sipendi kuchekwa ninaposema kweli. Basi nitaeleza tangu mwanzo, maana nilikuwepo, tena nilikuwa nimewekwa pale kwa kazi maalumu ya kuangalia.

Mwaka ulikuwa 1968. Mimi, Jeannette, nilikuwa mke wa Makuza, mtoto wa kwanza wa Papa Semana, na tulikaa boma moja na wakwe zangu. Alfajiri nilipeleka maziwa Masisi, na nikirudi nilisaidia kazi za nyumbani. Aliyesuka maziwa ili kupata siagi alikuwa wifi yangu Vestine.

Vestine alisoma kwa masista miaka minne baada ya shule ya msingi, jambo ambalo msichana mwingine wa mlima wetu hakulipata. Kisha akaolewa na karani mmoja wa Rutshuru. Miaka mitatu ikapita bila mtoto, na karani akamrudisha kwetu na sanduku lake la mbao, akampandisha tu juu ya lori la watu, hata mtu wa kumsindikiza hakumpa. Tangu siku ile alizungumza kwa kipimo na kutembea akitazama chini. Jirani mmoja alithubutu kumwambia mama mkwe wangu, Mukantabana, kwamba binti aliyerudishwa ni mzigo. Mama mkwe akamjibu kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye, akamfukuza kabla hajamjazia maziwa kikombe alichokuja nacho.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilimwonea wivu wifi huyu mwanzoni. Mawifi ni mawifi. Lakini miaka miwili ya kumwona ameinama juu ya kile kibuyu, asubuhi baada ya asubuhi, iliuondoa wivu wangu wote. Nilimpenda, na nilikuwa nimechoka kumwona hivyo.

Sasa huyu Marcellin. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na hajaoa, kwa sababu alikuwa amemuuguza mama yake mpaka akamzika. Kwa miaka sita alikuwa akifundisha shule ndogo ya kanisa pale Kingi, chumba cha udongo chenye paa la majani na madirisha mawili yasiyo na mbao. Watoto walikuwa arobaini na watatu. Hakuwa na cheti chochote. Wazazi walimpa maharagwe wakati wa mavuno na kuku wakati wa Pasaka, na mashamba yake aliyalima alasiri.

Mwanzoni mwa mwaka ule ikaja barua kutoka kwa wakaguzi wa shule. Kila mwalimu asiye na diplome, yaani cheti, aje Masisi mwezi wa saba kufanya mtihani wa Kifaransa. Shule itakayokosa mwalimu aliyepita itafungwa. Kama Kingi ingefungwa, watoto wakubwa wangetembea hadi Masisi, lakini wadogo wasingeweza kuvuka mto wakati wa mvua. Hao wangebaki nyumbani na kuku, na kusoma kwao kungeishia hapo.

Marcellin alijua kusoma Kifaransa kwa sauti, tena vizuri. Kilichomshinda ni nyakati za vitenzi. Katika lugha zetu za milimani kitendo cha leo asubuhi kina vazi lake, cha jana kina lake, na cha enzi za mababu kina lake, kiasi kwamba mtu akifungua kinywa tu unajua kitendo kimelala siku ngapi. Kifaransa hakijali kimelala siku ngapi. Kinakuuliza kama kitendo kilikuwa kinaendelea au kilitokea mara moja kikaisha, na kama kinabebwa na kitenzi hiki au kile. Marcellin alikuwa akiimwaga jana yote na juzi yote katika chungu kimoja, na hata yeye alijua kwamba hakuna mkaguzi atakayekubali chungu kile.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa pili alipanda mlima, akabisha hodi. Vestine alikuwa mkekani na kibuyu mapajani, mimi nachambua maharagwe, mama mkwe anaosha vyungu vya maziwa.

"Mama, niko na shida," akasema, kofia mkononi, kwa Kiswahili chetu cha milimani. "Baliniambia binti yako alisoma kwa masista. Naomba anifunzishe nyakati ya Kifaransa. Mutihani iko mu mwezi ya saba, na miye niko naona giza tu."

"Binti yangu iko na kazi, unamuona," akajibu mama mkwe.

"Namuona, Mama. Nitakuya wakati iko natumika. Mikono njo inatumika, masikio haiko na kazi."

Mama mkwe aligeuka upande ili asionekane akicheka. Marcellin akaketi, akauliza maswali mawili matatu, na Vestine akamjibu bila kuinua macho, kwa sauti ndogo ya mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani. Marcellin akashukuru sana, akanywa maji, akaaga na kuteremka.

Kosa lilikuwa limefanyika. Kwetu, mtu akiwakuta wanasuka maziwa hawezi kuondoka hivihivi. Lazima aweke mkono kwenye kibuyu, atikise mara chache, ndipo aage. Asipofanya hivyo siagi huondoka naye. Mtoto wetu wa miaka mitano anajua. Lakini mtu wa maharagwe angejulia wapi? Alidhani adabu ni kutogusa vitu vya watu.

Vestine alitikisa mpaka jua likafika utosini. Siagi hakuna. Mama mkwe akapokea, nami nikapokea, mabega yakaniuma, na ndani ya kibuyu mlikuwa na povu tu. Hapo mama mkwe akaweka mikono kiunoni.

"Jeannette, shuka umulete ule muntu. Alibeba siagi yetu."

Nilishuka mlima wote ule nikiwa na hasira ya jua na ya mabega. Nikamkuta shambani mwake anapalilia pamoja na majirani kama kumi. Sikungoja hata salamu. Nikapaza sauti, "Mwalimu! Rudisha siagi yetu!"

Majembe yote yakasimama. Marcellin akanitazama, akawatazama wenzake, kisha akashika mifuko yake ya suruali na kuigeuza nje, yote miwili.

"Dada, sikukamata kintu. Nilikunywa tu mayi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye matuta yake. Majirani nao walicheka, na kwa miezi mingi wakamwita Papa Siagi. Lakini alipoelezwa hakubisha. Alinawa mikono, akapanda tena mlima pamoja nami, akaomba radhi, akapiga magoti mkekani na kutikisa kibuyu kama mtu anayebembeleza mtoto wa watu wengine. Haukupita muda mrefu siagi ikajikusanya. Mimi sijui kama ulikuwa mkono wake au jua lililoyapasha maziwa moto, na ukiniuliza kwa siri nitasema ni jua. Mama mkwe hakuwa na shaka hata kidogo.

"Kama unataka kusoma hapa," akamwambia, "utasoma na mikono ku kibuyu. Na Jeannette atakaa pamoja na nyinyi." Hiyo ndiyo kazi yangu maalumu niliyoitaja. Mwanaume asiye na mke na binti aliyerudishwa hawaachwi peke yao, hata kama wanazungumza vitenzi.

Kwetu mwanaume hukamua, hasuki. Kumwona mwanaume na kibuyu mapajani ni kichekesho cha mwezi mzima. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Marcellin aliinama kila Jumatano baada ya shule na kila Jumamosi asubuhi. Mume wangu Makuza alipita mara ya kwanza, akasimama, akamwangalia, akaenda zake kwa ng'ombe huku mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Majuma ya kwanza Vestine alifundisha kama anayemwibia mtu. Kisha siku moja Marcellin akakosea kitenzi kilekile kwa mara ya tano, na wifi yangu akampokonya kibuyu na kusema kwa ukali, "Hapana! Angalia ku mulango!" Sote tulishtuka, naye mwenyewe akashtuka. Sikuwa nimesikia sauti ile tangu arudi.

"Kuingia, kutoka, kufika, kwenda, kurudi," akaendelea, akionyesha mlango wa jikoni kwa kidole. "Kuzaliwa na kufa, nayo iko kuingia na kutoka. Ile yote inapita ku mulango moja, njo maana inabebwa na être. Ingine karibu yote inabebwa na avoir."

Marcellin akainuka. Akaingia mlangoni akisema je suis entré, akatoka akisema je suis sorti, akaingia tena, akatoka tena, mpaka kuku wakahama. Mama mkwe akaniuliza kwa sauti ya chini kama Wahunde wote hujifunza hivyo au ni huyu wetu tu. Alisema "wetu", na nadhani hakujisikia akilisema.

"Na kubaki?" Marcellin akauliza akihema. "Kubaki nayo iko pa mulango?"

"Iko," akasema Vestine. "Njo kusimama pa mulango bila kutoka." Halafu akaanza kumpa mifano mingine, akafika kwenye kurudi, akasema je suis revenue, nimerudi, na hapo akaishia. Alitazama mlango. Marcellin alirudi mkekani, akachukua kibuyu, akatikisa polepole mpaka wifi yangu akawa tayari kuendelea. Mimi niliinamia maharagwe yangu, na siku ile nilijua kwamba yule mtu ana moyo.

Zile nyakati mbili za zamani, ile inayoendelea na ile inayoisha, zilimtesa mpaka mwezi wa nne. Vestine alimfundisha kwa kibuyu chenyewe. Alimwambia afumbe macho na asikilize maziwa. "Ile kutikisa, kutikisa, haujue ilianza saa gani, haujue itaisha saa gani, ile njo imparfait. Sasa siagi ikikamatana, mara moja, puu, ile njo passé composé." Marcellin akatikisa, akasikiliza, na uzito ulipobadilika mikononi mwake akafumbua macho.

"Je secouais," akasema taratibu, "et le beurre est sorti." Nilikuwa natikisa, na siagi ikatoka.

Vestine akacheka. Alicheka kwa meno yote, na mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona ni nani huyo anayecheka kwake. Akarudi ndani, na nilimsikia akipenga kamasi. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuingiwa na Kifaransa. Siku moja sokoni Masisi nilimwambia mteja j'ai tout vendu, nimeuza yote, naye akanitazama kana kwamba kibuyu kimesema.

Lakini nisiwadanganye. Marcellin alikuwa hodari kwa mdomo, mikono ikiwa na kazi. Ukimpa kalamu na karatasi, vitenzi vilimtoroka. Alisoma miaka mitano tu utotoni, kwa fimbo, na kila alipoona mstari mtupu aliiona fimbo ile. Mwezi wa tano Vestine alimsomea dictée, yaani imla, ya vitenzi ishirini, na akakosa tisa. Juma lililofuata akakosa nane. Vestine alimwambia anasonga mbele. Marcellin alitabasamu, lakini alikuwa mwalimu wa hesabu pia.

Jioni moja alikuja siku isiyo yake. Hakuja jikoni. Alikwenda moja kwa moja penye zizi, ambako baba mkwe, Papa Semana, alikuwa akiwapokea ng'ombe. Nilikuwa pale na ndoo, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Papa, nilikukosea," akasema Marcellin. "Kila shule inaweza toa bantu bawili ku mutihani. Niliandika jina yangu, na niliandika jina ya Vestine. Sikukuuliza. Na yee sikumuuliza."

Papa Semana alikuwa mtu wa maneno machache. Alimaliza kwanza kumpapasa ng'ombe mmoja shingoni. "Juu ya nini?"

"Juu miye nitaanguka, Papa. Najua. Yee hataanguka. Nikienda peke yangu, shule ya Kingi inafungwa."

"Na yee akipita, weye utafanya nini?"

"Nitalima. Nilikuwaka mulimaji mbele ya kuwa mwalimu."

Ng'ombe walikuwa wakiingia mmoja mmoja. Papa Semana akawaacha waishe. "Banaume mingi balikuyaka hapa kuniambia kintu banaweza," akasema. "Weye njo wa kwanza kuniambia kintu hauwezi." Akaenda kuwafunga ndama. Marcellin akabaki amesimama, hajui kama amekubaliwa au amefukuzwa, mpaka mimi nikamwambia aende akalale, amekubaliwa.

Vestine hakukubali. Alilia kwa hasira, akasema yeye ni mtu wala si mfuko wa kuandikwa jina, na kwamba alisharudishwa mara moja na sanduku, hatarudishwa mara ya pili na karatasi. Siku tatu hakugusa daftari. Mimi si hodari wa maneno matamu, kwa hiyo nilimwambia yaliyonijia. Nilimwambia kwamba kwa miaka miwili nilimwona ameinama, na miezi mitano hii nimeuona uso wake, na kama anataka kuinama tena, aniambie mapema nihamie kwetu. Akanitazama. Akafuta macho kwa kanga, akaniambia nimpe lile daftari.

Mwezi wa saba tuliteremka Masisi sote watatu, wao na madaftari, mimi na maziwa. Kwenye mabenchi walikuwa wanaume ishirini na sita na mwanamke mmoja. Nilimwona Marcellin kupitia mlangoni, amekaa na kalamu mkononi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ukienda mbele na nyuma chini ya meza kana kwamba una kibuyu. Nilimwombea kwa Bikira Maria kwa Kinyarwanda, lugha yetu ya nyumbani, na kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa kidogo nilichokuwa nacho.

Siku ya pili mchana karatasi ya majina ilibandikwa. Marcellin alisogea na kusoma akifuata kwa kidole. Kidole kilisimama kwenye jina la tatu, akageuka kumwambia Vestine, "Uko!" Kisha kikaendelea kushuka. Kikafika chini. Kikapanda tena juu, kikashuka tena, polepole zaidi, kana kwamba jina lake lilikuwa limelala mahali na lingeamka. Alipogeuka alikuwa akitabasamu.

"Shule imepona," akasema.

Vestine alijifunika uso. Mimi niliona uchungu mkubwa kwa ajili ya yule mtu, na sioni aibu kusema nililia pale mbele ya watu walionunua maziwa yangu. Miaka sita ya kuku na maharagwe, na nusu mwaka wa kuchekwa, na mwisho wake ni kidole kwenye karatasi.

Tulirudi mpaka mtoni. Hapo Vestine akasimama. "Nitaandika barua niseme sitaki. Iko kazi yako."

"Ukiandika, nani atabaki na batoto?"

Vestine akaanza kukunja kanga yake ili avuke.

"Sitakuficha, roho inaniuma," akasema Marcellin. "Itaniuma mpaka mwezi ya kumi, kisha itachoka." Akamshika mkono kumvusha mtoni, jambo ambalo nilipaswa kulikataza kwa mujibu wa kazi yangu, nami nikageuka kutazama maji.

Tulidhani mambo yameisha. Hayakuisha. Habari ilipofika Kingi, wazazi walikasirika, na mwenye sauti kubwa alikuwa Faustin, mkulima mwenye mabinti wawili shuleni. Alisimama baada ya misa na kusema mbele ya watu wote, "Mwanamuke! Tena wa bantu ba ng'ombe, tena ule balimurudisha! Batoto betu bataiga nini?" Msimlaumu haraka. Miaka mitatu nyuma milima yetu ilikuwa imetazamana vibaya, watu wa ng'ombe na Wahunde wakauana, na kulikuwa na nyumba za pande zote mbili ambazo bado zilikuwa na kiti kisichokaliwa. Lakini wakaguzi walikuwa wamesema wazi kwamba juma la kwanza watakuja kuhesabu watoto, na mabenchi yakiwa matupu, shule itafungwa vilevile. Marcellin alizunguka nyumba kwa nyumba. Walimpa kiti, wakampa pombe ya ndizi, na hawakumpa jibu.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa nilimsindikiza wifi yangu. Alivaa gauni lake la bluu la kwa masista, lililokuwa limembana mabegani. Ndani walikuwa watoto tisa. Wengine wote walikuwa nje, wamesimama na wazazi wao kwenye majani, wanatazama kupitia yale madirisha yasiyo na mbao. Walikuja kuona, hawakuja kusoma. Faustin alikuwa mbele kabisa, binti mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. Marcellin hakuwepo. Alikuwa ametukabidhi daftari la majina jana yake kanisani, na nilifikiri ameshindwa kuja kuona mtu mwingine mahali pake. Nilimwelewa.

Vestine alifungua daftari, akaanza kuita. Jina la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu, mtoto mmoja akajibu kwa woga. Alikuwa katikati ya orodha Marcellin alipotokea kwenye njia ya mashamba, miguu imelowa umande, jembe begani. Aliwapita wazazi, akawasalimu. Akaliegemeza jembe ukutani, akavua kofia, akaingia, akaenda mpaka benchi la mwisho, lile la watoto wadogo, akaketi. Magoti yake yalifika karibu na kidevu. Watoto wakacheka, wakaziba midomo.

Vestine akaendelea kuita mpaka jina la arobaini na tatu. Hakufunga daftari. Alikuwa ameona kitu chini ya jina lile, na mimi niliyesimama nyuma ya bega lake nilikiona pia, mstari mmoja zaidi, umeandikwa kwa mkono wa Marcellin, kwa wino mpya. Wifi yangu aliweka kidole chini ya mstari ule. Kisha akasoma kwa sauti ileile aliyowasomea wengine.

"Bauma Marcellin."

Akasimama, kofia kifuani, mtu mzima aliyewafundisha wale watoto wote kushika kalamu.

"Niko, Mwalimu," akasema.

Faustin alikitazama kichwa kile juu ya vichwa vya watoto. Halafu akawaachia mabinti zake mikono, akawaambia waingie upesi, wasichelewe.